Nani Aliyeubebesha Mti? Suala la Kuwataja Wachangiaji katika Maandishi ya Kilimo cha Kokwa

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wa kilimo, wala si la watu wa lugha. Jambo lenyewe ni hili: katika vitabu, vijitabu na ripoti zinazoeleza ukuzaji wa minazi, mikorosho, makadamia na miti mingine ya namna hiyo, ni nani anayetajwa kwamba ameleta ujuzi, ni nani asiyetajwa, na lugha ina mkono gani katika kutaja huko na kutotaja huko. Sisi wanafunzi wa lugha tumo ndani ya jambo hili kwa njia mbili. Vijitabu hivyo vinapoandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili, sisi ndio tunaoitwa kuinyosha lugha yake, na mengi hufutika chini ya kalamu zetu bila ya sisi wenyewe kutambua. Tena sisi pia tuna desturi ya kukusanya maneno ya wakulima, wavuvi na mafundi, tukayachapa katika orodha za msamiati na katika kamusi kana kwamba maneno hayo yaliokotwa njiani.

Kabla ya kuendelea yafaa nieleze neno moja. Kiswahili hakina jina moja la asili linalokusanya nazi, korosho, lozi, makadamia na pekani. Watu wa soko siku hizi husema "njugu" kwa nyingi za hizo, ingawa njugu kwa asili ni ya ardhini, wala haizaliwi mtini. Mimi nitatumia "kokwa", nami nafahamu kwamba mtu wa Pwani akisikia nazi ikiitwa kokwa atacheka. Kicheko chake ni cha haki, kwani kwake yeye kila hali ya tunda la mnazi ina jina lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mbata. Maneno haya nitayarudia mbele, maana mawili kati yake yamewahi kunitia aibu.

Naanza na mfano wa mbali, kwa kuwa ndio ulio wazi zaidi katika historia ya kilimo hiki. Pekani ni mti wa Amerika ya Kaskazini, wa ukoo mmoja na mjozi. Ukiipanda kokwa yake, mti utakaoota si lazima ufanane na mama yake. Yamkini utazaa kokwa ndogo zenye ganda gumu. Mwenye mti mzuri hawezi kuuzidisha mti huo ila kwa kuubebesha, yaani kukata kijiti chake na kukiunganisha na mche mwingine hata viwe kitu kimoja. Na pekani ni mti mgumu wa kubebesha. Katikati ya karne ya 19, katika jimbo la Louisiana, daktari mmoja aitwaye A. E. Colomb aliujua mti uliozaa kokwa bora kuliko nyingine, akajaribu kuubebesha asifaulu. Basi akavipeleka vijiti vyake katika shamba la miwa la Oak Alley, kando ya mto Mississippi. Huko palikuwa na mtunza bustani, mtumwa, jina lake Antoine. Katika majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847 Antoine aliibebesha miti 16, ikashika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, miti ya aina hiyo shambani hapo ilikuwa 126. Mwaka 1876 kokwa zake zilipelekwa na mwenye shamba wa wakati huo, Hubert Bonzano, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia yaliyoadhimisha miaka 100 ya uhuru wa nchi hiyo. Zikasifiwa, zikatuzwa. Aina hiyo ikaitwa Centennial, yaani Ya Miaka Mia.

Tukihesabu, tunapata mwenye vijiti, mwenye shamba, mwenye kuonyesha, na mwenye mkono uliotenda kazi ambayo wengine walishindwa nayo. Jina la aina halikumwendea hata mmoja wao, bali liliyaendea maadhimisho, na maadhimisho hayabebeshi miti.

Haiwezi kusemwa kwamba jina la Antoine lilipotea kabisa, kwani maandishi ya kilimo ya Marekani yalikuja kulitaja, na leo ni vigumu kusoma historia ya pekani usikutane nalo. Lakini tutazame mahali lilipohifadhiwa wakati wa uhai wake. Mwenye Oak Alley, Jacques Telesphore Roman, alifariki mwaka 1848, na mali yake ikaorodheshwa. Katika orodha hiyo yumo Antoine, umri miaka 38, mtunza bustani na bingwa wa kubebesha mipekani, thamani yake dola 1,000. Ustadi wake ulitajwa kwa sababu ulipandisha bei yake. Hakuna jina la ukoo. Mwanachuo anayeupitia ushahidi huu hana budi kujiuliza ni mara ngapi sisi nasi tumelitaja jina la mtu kwa kuwa lilitufaa sisi, wala si kwa kuwa lilikuwa haki yake.

Kuna faraja ndogo kwa watu wa isimu. Neno "pekani" lenyewe lilitoka katika lugha za jamii ya Algonquian, lugha za wenyeji waliokuwa wakiiokota kokwa hiyo kabla ya kufika Mzungu, likapitia Kifaransa cha bonde la Mississippi hata likaingia katika Kiingereza. Kwa hiyo neno limehifadhi sifa ambayo vitabu vilichelewa kuitoa. Kila asemaye "pekani" anawataja wenyeji hao, ajue asijue.

Makadamia ni kinyume chake, na hapa tunakaribia nyumbani. Mti huu asili yake ni misitu ya mashariki ya Australia, kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales. Wenyeji wa huko walizila kokwa zake tangu zamani na walikuwa na majina yao. Kati ya yaliyoandikwa yamo kindal kindal na jindilli. Mwaka 1857 mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller aliipa jamii ya miti hiyo jina la kisayansi la Macadamia, kwa heshima ya rafiki yake John Macadam, mwalimu wa kemia na katibu wa chama cha wataalamu mjini Melbourne. Macadam hakuuvumbua mti huo wala hakuupanda, alitunukiwa urafiki. Vitabu vingi husema kwamba mti huo "uligunduliwa" katika karne ya 19. Kamusi zetu za zamani zilieleza kugundua kuwa ni pia kumjia mtu au mnyama kwa ghafula asipojitayarisha, kumshtua. Kwa maana hiyo ya kale sina ubishi: wenye mti waligunduliwa hasa.

Mti huu ulipofika Kenya mwaka 1946 uliletwa na mlowezi Bob Harries katika eneo la Thika, na jina lake husomwa katika takriban kila maelezo ya zao hili. Si vibaya, aliuleta. Lakini yafaa tuitazame hatua iliyofuata. Miche iliyokua kutokana na mbegu haikufanana, na baada ya miaka mingi watafiti walizunguka katika mashamba ya wakulima wakichagua miti iliyozaa vizuri, ili vijiti vyake vibebeshwe na kuenezwa. Aina zilizotokana na uteuzi huo zinajulikana kwa herufi na nambari: MRG-20, KRG-15, EMB-1, KMB-3. Asomaye ataona upesi kwamba herufi hizo ni Murang'a, Kirinyaga, Embu na Kiambu. Basi mahali pametajwa, na mti umepewa nambari. Mwenye mti, yule aliyeuacha usimame alipokuwa akiing'oa mingine isiyozaa, hayumo katika jina. Labda yumo katika daftari la shambani. Nami natumaini yumo. Ila daftari halisomwi na mkulima wa Meru anayenunua mche wa MRG-20, na kitendo cha kuuacha mti mmoja na kuung'oa mwingine ndicho uteuzi wenyewe, kwa lugha yoyote ya sayansi.

Nisidhaniwe kuwa napinga watafiti kupewa sifa. Kuna mdudu anayefyonza maua na matunda machanga ya mnazi katika Afrika ya Mashariki, akayatia vidonda vinavyotoa utomvu, na matunda yakaanguka kabla ya wakati. Mdudu huyu alichunguzwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Michael Way, na mwaka 1955 akapewa jina la kisayansi Pseudotheraptus wayi, ambamo sehemu ya mwisho ni Way mwenyewe. Hiyo ni sifa iliyostahili. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba minazi yenye chungu wekundu wa miti haiathiriki sana, maana chungu hao humfukuza mdudu. Nao chungu kwa Kiswahili huitwa majimoto. Jina hilo halikutoka maabara. Lilitoka kwa wakwezi walioumwa mikononi wakiwa juu, wakasema uchungu wake ni kama wa kumwagiwa maji yanayochemka. Pengine hapa mambo yamekaa sawa kuliko kwingine kote: mtafiti yumo katika Kilatini, na wakwezi wamo katika Kiswahili, ingawa wao wamo kwa pamoja, bila jina la mtu.

Sarufi nayo ina sehemu yake

Mtu akitaka kumficha mtendaji, Kiswahili kinampa nyenzo nyingi, na waandishi wa vijitabu vya kilimo wanazitumia zote. Tuchukue sentensi hizi:

Antoine aliubebesha mti.
Mti ulibebeshwa na Antoine.
Mti ulibebeshwa.
Mti ulibebesheka.

Sentensi ya pili inamsogeza mtendaji mwisho lakini inambakisha. Ya tatu inamwacha nje, ila nafasi yake ipo, na msomaji anaweza kuuliza: na nani? Ya nne ndiyo iliyo ya ajabu. Kauli ya kutendeka haikubali mtendaji kabisa. Hatuwezi kusema *"mti ulibebesheka na Antoine". Swali lenyewe limefungiwa mlango. Ukisoma kijitabu kisemacho kwamba aina fulani ya mkorosho "imepatikana" na kwamba dawa fulani "imeonekana" kufaa, umo katika nchi ambamo mambo hutokea bila ya watu. Sisemi kwamba kauli hiyo ifutwe katika maandishi ya sayansi. Ina kazi yake, na asiyeitumia ataandika kwa taabu. Nasema kwamba msahihishaji wa lugha anapoigeuza sentensi ya kutendwa kuwa ya kutendeka kwa sababu ya ulaini wa sauti tu, anafanya zaidi ya kulainisha.

Nyenzo ya pili ni wingi. "Wakulima wanasema." Wakulima wapi, wangapi, wa umri gani, wanawake au wanaume? Katika kilimo cha mnazi swali hili si la kupita. Mkwezi anayajua ya kileleni. Mgema anaijua kumbi la ua na siku ya kulikata. Mwanamke anayesuka makuti anazijua hali za jani ambazo mgema hazihitaji. Kuwaita wote "wakulima" ni kama kuwaita mwandishi, mchapaji na muuza vitabu "watu wa vitabu". Nyenzo ya tatu ni vitenzi vya uvumi: inasemekana, inaaminika, yasadikika. Ni jambo la kutazamwa kwamba maneno ya mtafiti huandikwa kwa "ilithibitishwa", na maneno ya mkwezi, hata yakiwa yamekwisha kuthibitishwa na mtafiti huyo huyo, hubaki katika "inaaminika".

Ada ya fani yetu

Ingekuwa unafiki kuwalaumu watu wa kilimo peke yao. Kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na ilijengwa juu ya maneno aliyoyakusanya Mombasa na Rabai. Aliyemfunza tofauti ya dafu na koroma hakuwa kitabu. Kamusi za Madan ya 1903 na Johnson ya 1939 zikarithi, na sisi tukarithi kutoka kwao. Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya 1939, angalau alionyesha lahaja ya maneno mengi, na kwa hiyo tunajua tuelekee wapi tukitaka kuuliza tena. Huko ni kutaja kwa namna yake, kutaja mahali badala ya mtu, na nadhani hakujathaminiwa inavyostahili.

Mfano unaotugusa zaidi ni Desturi za Wasuaheli. Kitabu kilichapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, na kwa muda mrefu watu walikitaja kuwa ni cha Velten. Lakini sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. Mwaka 1981, fasiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka, jina la Mtoro liliwekwa katika anwani ya kitabu. Ilichukua miaka 78. Tofauti ya kuandika na kukusanya ilikuwapo katika Kiswahili muda wote huo. Hakuna aliyehitaji kuibuni.

Hapa ndipo naona kazi yetu ilipo. Wachapishaji wa majarida ya sayansi wameanza kuachana na mtindo wa kuwapanga waandishi wote katika mstari mmoja, na mwaka 2022 orodha ya majukumu 14 ya wachangiaji ilifanywa kuwa kipimo rasmi nchini Marekani. Imo kubuni wazo, imo kutafuta fedha, imo kusimamia, kuandika rasimu, kuhariri, hata kutengeneza programu za kompyuta. Kufasiri si jukumu la peke yake humo. Kusimulia haimo. Mzee aliyekaa siku tatu na mtafiti akimweleza namna ya kuutambua mkorosho utakaozaa vizuri hana mahali pa kuingia, ila katika mistari ya shukrani, pamoja na dereva na mke wa mwandishi. Tukiifasiri orodha hiyo kwa Kiswahili kama ilivyo, tutakuwa tumefasiri pengo pamoja nayo.

Na Kiswahili kina vitenzi. Kutunga si kuandika, kuandika si kunakili, kukusanya si kuhariri. Kusimulia, kuonyesha, kufunza, kuteua, kubebesha, kutoa mbegu, kuchora, kufasiri: kila kimoja ni kitendo cha mtu, na kila kimoja chaweza kuandikwa mwanzoni mwa kijitabu kwa sentensi fupi ya kauli ya kutenda, jina likitangulia. Ningependa kuona ukurasa wa pili wa kijitabu cha korosho umeandikwa: fulani wa mahali fulani alionyesha, fulani aliandika, fulani alifasiri kutoka Kiingereza, picha zilichorwa na fulani. Neno "wachangiaji", ambalo mimi mwenyewe nimelitumia katika anwani, ni la mkusanyo na lina hatari ile ile ya "wakulima". Nimelitumia kwa kukosa jingine, na ni heri libaki katika anwani tu.

Sheria zimekwisha kutangulia kidogo. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, iliyotiwa saini na baadhi ya nchi za Afrika, inamtaka anayeyatumia maarifa ya jadi nje ya mazingira yake awataje wenyewe na kuonyesha chimbuko lake; nayo Kenya ilipitisha sheria yake ya kuyalinda maarifa hayo mwaka 2016. Lakini lugha ya sheria huelekea zaidi jamii kuliko mtu mmoja mmoja, na kijitabu cha kurasa 12 kinachogawiwa bure shambani si rahisi kifike mbele ya hakimu. Kinafika mbele ya msahihishaji.

Kidaka na kitale

Sasa nitimize ahadi. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na ofisi moja ninyoshe Kiswahili cha kijitabu kidogo kuhusu matunzo ya minazi. Rasimu iliandikwa na afisa wa nyanjani kutokana na mazungumzo aliyoyafanya Kwale, na msingi wake ulikuwa maelezo ya mkwezi mmoja, ambaye rasimu ilimwita "mkulima". Palikuwa na aya kuhusu matunda yanayoanguka, na ndani yake maneno kidaka na kitale yalirudiwa mara nyingi hata nikaona yanachosha. Nikajiambia kwamba msomaji wa bara hatayajua. Nikayafuta yote, nikaweka "nazi changa". Sentensi zikawa fupi na safi. Kijitabu kikachapwa.

Baadaye nilikwenda Kwale kwa utafiti mwingine, na katika mazungumzo nikampata mzee huyo bila ya kumtafuta. Kijitabu alikuwa nacho. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kumsomea. Nilipomweleza kwamba nilikuwa na sehemu katika kukitengeneza, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, maneno haya si yangu." Akanieleza upya. Kidaka kikianguka kikiwa safi, mnazi umejipunguzia mzigo. Hauwezi kuvilea vyote, na hakuna la kufanya. Kikianguka na kidonda kinachotoa utomvu, au kitale kikianguka, hapo pana mdudu, na mwenye mnazi atazame kama majimoto wamo. Kijitabu changu kilisema kwamba nazi changa zikianguka pana mdudu. Kwa sababu hiyo majirani zake wawili walikuwa wamenunua dawa na kuipulizia minazi isiyokuwa na ugonjwa wowote, na dawa hiyo, bila shaka, iliwaua majimoto.

Nikamwomba radhi, nikasema kwamba kosa jingine ni kutoliweka jina lake. Akacheka. "Alhamdulillahi hamkuliweka. Lingekuwamo, leo ningepita wapi?"

Jibu hilo limenishughulisha kuliko jambo lolote nililolisoma kuhusu suala hili. Tumezoea kudhani kwamba kumtaja mtu ni zawadi tunayompa. Yeye alikuona kuwa ni dhamana, na dhamana haiwekwi juu ya mtu kabla hajasomewa kile anachodhaminiwa. Jina lake lingechapwa juu ya sentensi zangu, angebeba lawama ya kosa ambalo hakulitenda. Kwa upande wa pili, jina lake lingekuwa katika rasimu, nami nikatakiwa kumsomea kabla ya kuchapa, kosa lisingetokea, maana asingekubali nimfutie vidaka vyake. Kwa hiyo kutaja na kusoma tena ni jambo moja. Kijitabu kinachomtaja msimuliaji bila ya kumrudia ni kibaya kuliko kisichomtaja.

Wako wenzetu wanaosema kwamba kuwataja watu wa kawaida katika maandishi kutawaharibu: watadai malipo, watajikweza, watabuni mambo ili wapate kuandikwa. Husemwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo naiheshimu, lakini naona inasomwa nusu. Mgema anayetia maji anajulikana ni nani; ndiyo maana methali imeweza kutungwa. Tembo lisilojulikana mgema wake likiwa na maji, hakuna wa kuulizwa. Kamusi zetu zina maneno mengi ya namna hiyo, yenye maana zinazotiliwa shaka na kila mtu wa Pwani, nasi hatuna la kufanya ila kuzinakili, kwa kuwa hatujui zilitoka kwa nani wala wapi.

Kuna hoja nyingine ambayo nguvu yake ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba wapo wasiopenda kutajwa. Mwingine anaeleza siri ya kazi ya ukoo wake, mwingine shamba lake lina ugomvi wa urithi, na mwingine habari zake zikiunganishwa na jina zitamletea udhia kwa majirani au kwa serikali. Hao wasitajwe. Lakini iandikwe kwamba waliombwa na wakakataa, na palipo salama patajwe mahali na kazi: mkwezi wa Kwale, msuka makuti wa Kilifi, mbebeshaji wa Embu. Kunyamaza kwa hiari ya msemaji na kunyamaza kwa uvivu wa mwandishi havifanani, ingawa katika ukurasa vyote viwili huonekana kama nafasi tupu.

Toleo la pili la kijitabu kile lilitayarishwa mwaka uliofuata. Maneno kidaka na kitale yalirudi, pamoja na mchoro wa kuyaeleza kwa msomaji wa bara, jambo ambalo ningalilifanya tangu mwanzo. Rasimu ilipelekwa Kwale, ikasomwa mbele ya mzee kwa sauti, naye akasahihisha mahali pawili, pamoja na sentensi moja ambayo mimi niliipenda sana. Tulipomwuliza kama sasa jina lake liwekwe, alikubali kwa sharti: litanguliwe na jina la mjomba wake aliyekwisha kufariki, kwa kuwa huyo ndiye aliyempandisha mnazi wa kwanza na kumwonyesha kidaka kilicho safi na kilicho na kidonda. Ofisi ilijibu kwamba nafasi iliyopo ni ya mstari mmoja. Tuliandika majina yote mawili katika mstari huo kwa herufi ndogo zaidi, na jina langu, lililokuwa na mstari wake peke yake katika toleo la kwanza, likahamia ukurasa wa mwisho.